Jiwe la Majina Mawili

Jumapili, baada ya ibada

Kwa Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo Mama, na Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti chako cha dirishani, miguu juu ya kigoda, na yale magoti yako yameacha ukorofi. Vipi kifua? Vipi presha? Na je, bado unaimba sauti ya pili kwa nguvu mpaka mwalimu wa kwaya anapotea katikati ya wimbo? Usiache. Sisi huku tu wazima. Wajukuu wako wanakula kama wameajiriwa kwa kazi hiyo, na wote wawili wanakuamkia.

Kabla hujaendelea, nina ombi dogo. Najua barua zangu huwa unampa jirani akusomee, kwa sababu unapenda anavyosoma kama mtangazaji. Hii isome mwenyewe, polepole, na miwani yako. Si ugonjwa, si msiba, wala hakuna aliyefukuzwa kazi. Ila huko mbele kuna jambo ninalotaka baraka yako, na bila baraka hiyo sitalifanya. Ningeweza kulitaja hapa hapa, lakini unanijua, mimi siwezi kuingia ndani ya nyumba bila kuzunguka uani kwanza.

Kifungua mimba wetu amemaliza mwaka wa kwanza wa chuo cha uuguzi, na sasa hatuwezi hata kukohoa kwa raha nyumbani. Ukikohoa tu, anakuja na maswali na kukushika kifundo cha mkono. Kitinda mimba amerefuka, suruali za baba yake zinamtosha. Juzi alivaa ile ya kahawia, akainama kufunga kamba za viatu, na mgongo ule ulikuwa wa mwanao mtupu. Nililia kidogo, kisha nikamkumbusha afunge zipu.

Kazini bado niko kwenye chumba cha pasi pale hotelini. Joto ni lile lile na mvuke ni ule ule. Mashuka tunayakunja wawili wawili, na mwenzangu wa kukunja ni mama mmoja tunayemwita Redio, kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Ana moyo mzuri sana, lakini ukimwambia siri asubuhi, kabla ya chakula cha mchana wapishi wanaijua.

Sasa nikupe kisa cha jiwe. Unakumbuka tulipomzika mwanao nilivyong'ang'ania yachongwe kwenye jiwe la kaburi majina yote mawili, lake na langu, na chini yake maneno kwamba tunangojea asubuhi ya ufufuo. Wewe uliniuliza kama nina haraka ya kwenda. Sikuwa na akili siku zile, Mama. Nilichotaka ni kwamba Bwana akirudi asinikute mbali na mume wangu. Basi jina langu limekaa pale miaka yote hii, pamoja na mwaka wa kuzaliwa, na nafasi ya mwaka wa kufa ikiwa wazi. Mvua zimepita, kuvu zimeota kwenye nafasi ile, na mtu asiye na macho mazuri hawezi kujua kama pameandikwa kitu au hapana.

Mwezi uliopita, bwana mmoja aliyewahi kufanya kazi ya bomba na mwanao alikwenda makaburini kumzika shangazi yake. Akaliona jiwe. Akatoka pale moja kwa moja mpaka kwangu, kofia mkononi, kuwapa watoto pole kwa kufiwa na mama. Nikamfungulia mlango mimi mwenyewe, nimejifunga kitambaa cheupe kichwani, nimejaa unga mpaka viwikoni. Mama, mtu mzima alipiga yowe! Alirudi kinyumenyume akaikalia ndoo ya maji. Nilimwingiza ndani nikampa soda, na kila baada ya maneno mawili alikuwa ananigusa mkono kuhakikisha. Alipotulia alisema amehubiriwa ufufuo tangu utotoni, lakini hakutegemea uanze na mimi.

Redio aliposikia alicheka mpaka shuka likatuponyoka, kisha akanigeukia kwa ukali akaniambia niende nikafute jina. Nikaenda kwa Fundi Mawe. Ni yule yule aliyelichonga, yule mrefu ambaye nyusi zake ni nyeupe kwa vumbi, uliyemsifu msibani kwa kutosema maneno mengi. Karakana yake iko nyuma ya duka la rangi. Mawe yameegemezwa ukutani yakionyesha migongo, maji yanachuruzika chini ya mashine ya kukatia, na kila unachogusa kinakuachia unga mkononi.

Alinieleza kwamba jina la kwenye jiwe halifutwi kama la ubaoni, na kulitoa ni kulikwangua jiwe zima mpaka lipungue. Akashauri akate kipande chembamba cha jiwe la rangi ile ile akibandike juu ya jina langu, lifichike tu, na siku yake ikifika kibanduliwe. Nikaridhika. Kazi hiyo ilibidi ifanyike makaburini kwenyewe, nami nikaenda kumsimamia, maana jina ni langu na mafundi nawajua. Nilibeba chupa ya chai.

Pale ndipo tulipoanza kuzungumza. Mkewe amelala upande wa pili wa makaburi yale yale, karibu na ukuta. Alitangulia kabla ya mwanao. Nikamsimulia jinsi mwanao alivyokuwa akisema kwamba katika ulimwengu mpya mafundi bomba hawatakuwa na kazi, kwa sababu mto wa uzima hauna bomba la kupasuka, na kwamba yeye atamwomba Bwana ampe walau bustani amwagilie. Fundi Mawe alicheka. Akasema basi yeye ndiye atakayekosa kazi kabisa, maana huko nani atataka jiwe la kaburi? Akaendelea kusugua. Baadaye akaniambia kwamba ndiyo siku anayoingojea kuliko zote, dunia ikishafanywa upya, yeye anatembea mikono mitupu, na kila mtu ambaye yeye aliwahi kumchongea jina anakutana naye njiani, mzima, ana afya, hana habari na jiwe. Nimesikia mahubiri mengi, Mama, na mengine nimesinzia. Siku ile sikusinzia.

Kipande kilibandikwa na kazi ikaisha. Cha ajabu ni kwamba chai haikuisha. Fundi alikumbuka kwamba inafaa kuangalia kama gundi imeshika, tukaenda kuangalia. Wiki iliyofuata akakumbuka kuangalia tena. Redio alisema tangu azaliwe hajasikia gundi inayoangaliwa namna hiyo.

Mama, nadhani uani nimeshazunguka vya kutosha. Fundi Mawe ameniomba niwe mke wake, na moyo wangu umekubali kabla sijauuliza. Nampenda. Nimeliandika neno hilo nikalitazama, wala sikulifuta.

Lakini jibu sikumpa. Miaka yote hii nimeishi nikijua kwamba siku ile nitafumbua macho kando ya mwanao. Hilo ndilo lililokuwa likiniinua asubuhi nikaenda kupiga pasi. Sasa nikiolewa tena, nitasimama na nani? Mwanao aamke akute mke wake ni wa mtu? Niliunguza vitambaa vya meza kwa kuwaza hayo, mpaka msimamizi wetu akaniuliza kama ninaumwa.

Nikaenda kwa mchungaji. Akanikumbusha lile swali aliloulizwa Bwana kuhusu mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, na jinsi alivyojibu kwamba wakifufuka hakutakuwa na kuoa wala kuolewa. Badala ya kufarijika, Mama, nililia. Nilimwambia sitaki uzima wa milele ambao mwanao atanipita njiani kama mgeni. Mchungaji aliniacha nilie nimalize. Kisha akasema Bwana hakusema tutasahauliana. Alichosema ni kwamba kifo hakitakuwepo, na pasipo kifo hakuna mjane, na pasipo mjane hakuna wa kugombewa. Akakiri kwamba mengine hayajui, na kwamba yeye pia ana watu wake anaowangojea. Ila ana hakika kwamba Mungu anapofanya upya hapunguzi, na upendo tuliopewa huku hautakuwa mdogo kule. Nilirudi nyumbani na nusu ya amani.

Nusu nyingine niliipata kwa Fundi mwenyewe. Nilimweleza hofu yangu waziwazi, nikitegemea atanuna, maana mwanaume gani anapenda kusikia mchumba wake akimlilia mume mwingine? Hakununa. Alisema tukioana, jina langu libaki pale pale lilipo. Nikifa nizikwe ubavuni mwa mwanao, na yeye azikwe pale ukutani kando ya mkewe. Asubuhi ile kila mmoja wetu aamke karibu na mtu wake, walie na wacheke kadiri wanavyotaka, kwa kuwa hakutakuwa na haraka ya kitu chochote. Halafu yeye na mkewe watavuka waje upande wetu, amsalimie mwanao na kumshukuru kwa kunitunza. Alisema hivyo bila wivu hata chembe, huku akipuliza vumbi kwenye tindo. Hapo hofu ikaniisha.

Watoto wanajua. Kifungua mimba amesema alijua kabla yangu. Kitinda mimba alinuna kwanza, kisha akaenda karakana peke yake bila kuniaga, akarudi kichwa chote vumbi, akasema jamaa si mbaya.

Sasa ombi langu. Wazazi wangu wote wamelala, unajua. Fundi aliponiuliza posa aipeleke kwa nani, nilikutaja wewe kabla sijafikiri. Nilidhani atashtuka, kwamba mtu akaombe mke kwa mama wa mume aliyetangulia. Aliweka nyundo chini. Akaniambia mama yake alifariki siku aliyomzaa, akalelewa nyumba hii na ile, na katika maisha yake yote hajawahi kumwita mtu neno hilo. Akauliza kwa sauti ndogo kama akija kwako ataruhusiwa kukuita Mama, au hiyo itakuwa ni kukukosea adabu. Tangu siku ile analijaribu. Jana nilimkuta amenipa mgongo, mashine inanguruma, naye anasema Mama, Mama, mara kwa sauti nzito, mara kwa sauti nyepesi, akitafuta itakayofaa. Sikuingia. Nilisimama nje mpaka akamaliza.

Hatukuombi umweke mtu mahali pa mwanao. Mahali pale pana mwenyewe, na mwenyewe atarudi. Tunakuomba utuongezee nafasi. Ukikataa nitabaki mkwe wako kama zamani, nitanung'unika kidogo, na maisha yataendelea. Ukikubali, tutumie neno tu, na Jumamosi tutashuka kwenye basi la asubuhi. Atakapobisha hodi usiseme karibu tu kama unavyowakaribisha wageni. Mwite mwanangu wewe kwanza, Mama, kwa sababu najua yeye atakosa sauti.

Wape salamu wote wanaouliza habari zetu. Bwana akulinde mpaka tutakapoonana.

Ni mimi mkweo na mwanao,
Mama wa wajukuu wako