Mama Mueni Hayumo Kwenye Kompyuta

Alhamisi, Oktoba, saa kumi na moja jioni. Hapa mjini Wote kumekauka. Upepo wa leo umebeba vumbi la soko zima na kulimwaga juu ya meza nilizopangusa asubuhi, na mawingu yamepita juu ya mji bila hata kutusalimia. Nimechoka, na si kwa sababu ya kazi.

Nimekaa kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, kile cha kuandalia vitabu kabla havijapelekwa rafuni. Halima, mwenzangu wa kaunta, ameshafunga akaenda zake. Mimi nimebaki nikiandika hapa, kwenye blogu inayosomwa na binamu yangu mmoja tu, tena husoma akingoja chai ichemke.

Leo nimemkosea mama mzee aliyefunga safari kutoka Kalamba kwa nia njema.

Nieleze. Mimi ni mfanyakazi wa kawaida hapa. Kwa miaka sita nilifagia, nikapanga viti, nikapeleka barua. Mwezi wa Juni, Madam Nzilani, mkutubi wetu, aliamua kwamba mtu anayejua kila kitabu kinakaa wapi kwa sababu ya kukipangusa anaweza pia kujifunza kukiandikisha. Basi kila Jumanne na Alhamisi ananifundisha. Kitabu kikija, nakipitia, naamua kinahusu nini, nakipa namba ya mada, nabandika lebo mgongoni, halafu naandika rekodi yake kwenye kompyuta. Ukikosea namba, kitabu cha ufugaji wa mbuzi kinalala na vitabu vya sala. Nimewahi kufanya hivyo. Madam alicheka mpaka akavua miwani.

Siku hizi namba hazinisumbui sana. Kinachonisumbua ni majina. Huku kwetu mtu ana jina la ubatizo, jina la nyumbani, la baba, la mume, na mwanamke akishazaa yote hayo yanawekwa kando, anakuwa mama fulani. Siku ya somo la majina nilimuuliza Madam niandike lipi. Akaniambia, “Mutheu, usianze na ID ya mtu. Jiulize, watu wakikuja hapa watamtafuta aje? Hilo ndilo jina.”

Nilielewa. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilielewa vizuri kabisa.

Agosti, Madam alianza kukusanya vijitabu vya watu wa hapa, vile vilivyochapwa na makanisa na vikundi vya akina mama na ambavyo huwezi kuvipata dukani. Nilileta kimoja kutoka kwenye sanduku la mama. Mama alikuwa mpishi wa shule ya msingi, na mwaka mmoja wa kiangazi kibaya alizunguka kwa wanawake wenzake akiandika jinsi wanavyolisha watoto kukiwa hakuna kitu: namna ya kukausha majani ya kunde, namna ya kupika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwa kuni chache, namna ya kuyaweka maembe yakae hadi msimu mwingine. Kanisa likamchapia, kurasa zikabanwa kwa pini za stepla. Nakala hii yetu ndiyo iliyobaki. Jalada aliliandika mwenyewe kwa herufi kubwa, KULA WAKATI WA KIANGAZI, na chini yake, MAMA MUENI.

Mueni ni dada yangu. Sikumjua. Alikufa kwa surua akiwa na miaka mitatu, na mimi nikazaliwa miaka minne baadaye. Mueni kwa Kikamba maana yake ni mgeni, na kweli alikaa kama mgeni. Lakini jina lake lilibaki kwa mama. Sokoni, kanisani, kwa majirani, mama alikuwa Mama Mueni, na akiitwa hivyo aliitika upesi, kwa sauti nyepesi ambayo sikuwahi kuisikia akinijibu mimi.

Nilikuwa na wivu. Kumwonea wivu mtoto aliyekufa ni jambo la aibu kulisema hata kwenye blogu isiyo na wasomaji, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mimi ndiye niliyeishi. Nilichota maji, nilifua, nilimwogesha mama miezi yake ya mwisho, na bado watu walikuja kumjulia hali wakisema, “Mama Mueni, wi museo?” yaani u mzima? Nikiwa darasa la nne nilimwomba mwalimu amwite Mama Mutheu siku ya wazazi. Mwalimu aliita mara mbili. Mama hakugeuka. Hakujua ni yeye.

Alipokufa mwaka jana, tangazo la redio niliandika mimi. Niliandika Tabitha Mbithe Mulwa, majina ya kitambulisho, nikaishia hapo. Wanawake wa Kalamba aliokuwa akifanya nao kazi walifika wiki moja baada ya mazishi, na sukari na leso mkononi, wakasema walisikia redio lakini hawakujua ni nani aliyetangazwa. Niliwapikia chai. Sikuwaambia kwamba redio haikuwa na kosa.

Ungedhani nilijifunza.

Kijitabu cha mama nilikipa namba 641.5, upishi, na Madam akanisifu, maana yeye alikuwa akifikiria kukiweka kwenye misaada ya njaa. Halafu nikafika kwenye mstari wa mwandishi. Nikaandika: Mulwa, Tabitha Mbithe. Maneno ya jalada niliyanakili yote isipokuwa jina. Kuna nafasi ya kuongeza jina lingine ambalo mtu anajulikana nalo, ili anayetafuta kwa hilo aelekezwe kwenye hili. Madam alikuwa amenionyesha nafasi hiyo. Nikaiacha wazi. Nilisema moyoni, humu ndani ya kompyuta, mahali pamoja tu duniani, atakuwa mama yangu mimi.

Leo saa tano asubuhi akaingia mama mmoja mzee. Mimi nilikuwa huku nyuma nikibandika lebo, sikumwona. Halima ndiye aliyenisimulia wakati wa chakula. Halima ni mzaliwa wa Garissa, babake ana duka hapa mjini, na Kikamba chake ni cha salamu na bei. Anasema yule mama alikuwa na sweta ya kahawia na hakuwa na kidole kimoja mkono wa kulia. Alisema ametoka Kalamba, kanisani wametangaziwa kwamba kitabu cha Mama Mueni kiko hapa. Halima akaandika Mueni. Hakuna. Akajaribu Mama. Kompyuta ikamletea vitabu vya wajawazito.

“Alisema aliambiwa ameandikwa humo ndani,” Halima akaniambia. “Hajui kusoma. Alitaka tu asomewe hapo pahali pake. Nikamwita susu, kama mnavyoita nyanya zenu, nikamwambia pole, hicho hatuna. Akasema ni sawa, labda walimdanganya. Alinishukuru, Mutheu. Kwani huyo Mama Mueni ni nani?”

Kidole kile nakijua. Ni Mama Kioko, aliyekuwa akinisuka nywele nikiwa mdogo. Ukurasa wa tisa, kwenye majani ya kunde, mama ameandika: “Hii nilifundishwa na Mama Kioko wa Kalamba. Mimi nilikuwa nakausha juani, yeye akanionyesha kivuli.” Kijitabu chote kiko hivyo. Kila ukurasa una mwanamke aliyetajwa kwa jina la mtoto wake. La kitambulisho ni moja tu, lile nililoliweka mimi kwenye rekodi.

Nilikimbia hadi steji, gundi nikaiacha wazi mezani. Gari la Kalamba lilikuwa limeondoka. Niliporudi Halima alinipa maji, nikamwambia, huyo Mama Mueni ni mama yangu, na Mueni ni dadangu aliyekufa. Akasema kwao mtu hubeba jina lake, la babake na la babu yake, popote aendapo, kwa hivyo waliotangulia hutajwa kila siku.

“Sasa dadako angetajwa wapi?” akaniuliza, si kwa ubaya.

Mueni hana kaburi la kuonyesha. Alizikwa bila msalaba, na mahali penyewe siku hizi tunapanda mbaazi. Hana picha. Alichokuwa nacho ni watu kumwita mama yake kwa jina lake. Kila mtu aliyepaza sauti sokoni alimtajia mama mtoto wake, na mama akaitika kwa furaha, na mimi nikaona kitu cha kufanya ni kulifuta jina hilo. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu nimekivaa miaka thelathini na minane.

Nimefungua rekodi. Tangazo la redio likishasomwa limekwenda, lakini hii afadhali inarekebishika. Kwenye mstari wa mwandishi nimeandika Mama Mueni, kama alivyoandika mwenyewe, na Tabitha Mbithe Mulwa nimemweka kwenye ile nafasi ya pili, awaelekeze watu huko. Nimeongeza wanawake wote waliotajwa, mmoja mmoja, nikianza na Mama Kioko. Madam ataniuliza kwa nini rekodi ya kijitabu kidogo hivi ni ndefu kuliko ya kamusi. Nimelia pia, kama unataka kujua, juu ya kibodi ya maktaba.

Lakini rekodi haimsaidii mtu asiyejua kusoma, ambaye amesharudi nyumbani akiamini alidanganywa.

Kijitabu hiki hakiazimwi. Nimempigia Madam simu nikamweleza yote, hata la wivu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, “Enda nacho. Ukirudishe Jumatatu, na kisikae karibu na chai.”

Basi Jumamosi naenda Kalamba. Kwenye daftari la wageni Halima alimwandikia yule mama majina yake ya kitambulisho, na najua hayatanifikisha popote, hakuna mtu huko atakayeyatambua. Nitauliza kwa Mama Kioko. Nitaonyeshwa boma, nitabisha hodi. Hakuwa kati ya wale waliokuja baada ya mazishi; mara ya mwisho kuniona nilikuwa na meno ya utoto, kwa hivyo kabla sijakaa atataka kujua mimi ni wa nani. Nikimwambia Mutheu hatanijua.

Nimelijaribu jibu hapa peke yangu, kwa sauti, lisije likanikwama mlangoni pake. Mara ya kwanza limekataa kutoka. Mara ya pili limetoka.

Mimi ni wa Mama Mueni.