Alizeti ya Kando ya Kitanda

Neema mdogo wangu,

Huku Iguguno ni upepo na baridi. Najua uzazi ndio uliokuzuia kuja kumzika Baba. Kwenye simu nililia tu, kwa hiyo nakuandikia.

Baba aliposhindwa kwenda shamba, Mama alimpandia alizeti moja kwenye kopo, kando ya kitanda. Kila asubuhi aliligeuza kopo ili majani yamtazame mgonjwa. Ikifika jioni yameshageukia dirishani tena. Baba akanuna kabisa! Nikamweleza kwamba homoni ya ukuaji hukimbilia upande wenye kivuli, upande huo unarefuka zaidi, basi mmea unapinda kufuata mwanga.

“Basi nisogezeni mimi,” akasema.

Tukakivuta kitanda hadi chini ya dirisha, kikawa kati ya kopo na mwanga. Majani yakamwinamia, akatabasamu.

Jana baada ya mazishi kitanda kilitolewa nje. Mmea bado umepainamia pale alipokuwa analaza kichwa. Nilitaka kulihamisha kopo, Mama akanishika mkono.

“Uache. Haujaambiwa kwamba hayupo.”

Mbusu mwanao, umlaze karibu na dirisha.

Dada yako,
Rehema