Kofia Niliyompa Shemeji Yangu Mwamuzi

Williston, North Dakota
Jumatano, Novemba 12. Leo ni miezi minne na siku sita tangu niondoke nyumbani Nebraska.

Shangazi Verna, nisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza. Ukurasa wako wa ushauri gazetini tunausoma hapa kambini wakati wa chakula na huwa tunacheka shida za watu, sasa zamu yangu imefika, nichekeni. Kichwa changu kimevurugika na sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitaanza na mguu.

Mguu wenyewe ni wa mdakaji mipira wa timu yetu ya mpira wa Kimarekani, ule mguu ambao nchi nzima imeutazama tangu Jumapili ya tarehe mbili. Zilibaki sekunde sita, tuko nyuma kwa pointi nne, mpira ukarushwa kwenye kona ya eneo la kufungia, kijana akaruka akaudaka, mguu wa kulia ukashuka ndani vizuri kabisa, halafu wa kushoto, maana sheria inataka yote miwili iguse ndani, ukashuka pale pale kwenye mstari mweupe, juu yake au pembeni yake, na hapo ndipo matatizo yangu yote yalipo. Mwamuzi wa pembeni alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Akapunga mikono: nje. Hakuna pointi. Huyo mwamuzi ni mume wa dada yangu.

Jina lake mmelisikia kwenye redio mpaka limechuja, ni Wendell Hruska, siku za kazi anafundisha hesabu shule ya sekondari na Jumapili anavaa jezi ya mistari ya waamuzi. Na mimi, Shangazi, tangu Agosti nilikuwa nimeitangazia kambi nzima kwamba yule ni shemeji yangu. Nilipenda kusema hivyo. Hapa nabeba mabomba ya mafuta, hakuna mtu anayeniuliza kitu zaidi ya kuniambia nishike upande wa pili tuinue, hata jina langu hawalitumii, wananiita Nebraska. Kwa hiyo alipopunga mikono, watu thelathini kwenye ukumbi wa chakula hawakuangalia televisheni tena, waliniangalia mimi.

"We Nebraska! Huyo si shemeji yako huyo?"

"Subirini," nikasema, "wanatazama marudio."

Tukasubiri. Walirudisha ile picha polepole kutoka nyuma, mgongo wa beki ukaziba kiatu. Wakairudisha kutoka juu, ukaonekana ukijani mwembamba wa nyasi kati ya kiatu na mstari, ukumbi ukalipuka, "Ndani! Ndani!" Wakairudisha kutoka pembeni, ukijani haupo. Rusty, dereva wa kreni, akapanda juu ya meza akaweka kidole kwenye kioo cha televisheni, "Hapa! Hamuoni? Hapa!" Mzee Duane, msimamizi wetu, akamwambia, "Shuka, kidole chako ndicho kimeziba mguu." Kisha mwamuzi mkuu akarudi uwanjani, akawasha kipaza sauti, akasema baada ya kutazama marudio, uamuzi wa uwanjani unabaki.

Unabaki. Hakusema umethibitishwa. Wewe unajua tofauti yake, na kila mtu pale ukumbini aliijua, maana akisema umethibitishwa picha imemwonyesha wazi kwamba mwamuzi alikuwa sahihi, lakini akisema unabaki maana yake picha imeshindwa, na picha ikishindwa linabaki lile alilolisema mtu aliyekuwa pale kwanza, yaani mechi nzima ilibaki kwenye macho ya Wendell peke yake.

"Mpigie simu mwambie macho yanauzwa dukani!"

"Krismasi hii usimnunulie soksi, Nebraska, mnunulie miwani!"

Waliposema Krismasi ndipo ile kofia ikanijia kichwani, na laiti isingenijia.

Asubuhi yake, Jumatatu, kipindi cha wapiga simu kilikuwa kinaunguruma kwenye gari la kampuni, watu wanamtukana Wendell mmoja baada ya mwingine, na Rusty akanipa simu yake, tayari inaita. Mtangazaji akapokea.

"Nani mwenzetu?"

"Niite Nebraska."

"Nebraska, uko hewani, mwaga!"

"Mimi ni shemeji wa yule mwamuzi."

"Acha!"

"Haki ya Mungu. Na nitakuambia kitu. Kwenye gereji yake ametundika kofia ya wale jamaa waliotufunga. Nenda kaone. Ipo kwenye msumari, juu ya mashine ya kukatia majani."

"Kofia! Jamani, mmesikia? Ana kofia yao!"

Gari zima likapiga kelele, wakanigonga mgongoni, Rusty akaninunulia kifungua kinywa, na siku tatu nilikuwa mtu, Shangazi, sikuwa mkono wa upande wa pili wa bomba.

Sasa sikia lile nisilolisema redioni. Kofia ile nilimpa mimi. Krismasi ya mwaka juzi, kwa utani, kwa sababu waamuzi hawaruhusiwi kushabikia timu yoyote na nilijua angeona haya kuivaa, tukacheka sote mpaka dada akamwaga supu, halafu kwa heshima yangu akaitundika badala ya kuitupa. Wale jamaa hawajawahi kuwa timu yake. Alipokuwa mtoto alikuwa na timu yetu hii hii, aliiacha siku alipopewa jezi ya mistari, na sijawahi kumsikia akiitaja tena.

Kabla ya Jumanne jioni mtu alikuwa amepita mbele ya nyumba yao gereji ikiwa wazi, amepiga picha, kofia ile pale kwenye msumari inaonekana hadi nyuzi zake. Picha ikaenda kila mahali. Wamewarushia mayai mlangoni. Wazazi wa wanafunzi wanapiga simu shuleni. Jumapili iliyopita hakupangiwa mechi, na Ijumaa ya tarehe 21 anatakiwa mbele ya ofisi ya waamuzi aeleze kofia ilitoka wapi, asipoeleza wakaridhika jezi ya mistari inarudi kwao.

Dada yangu Marlys akanipigia juzi. Hakusalimia.

"Unajua kofia ilitoka wapi?"

Nikatoka na simu nje ya chumba.

"Mimi najua. Wendell anajua. Nimemwambia awaambie, amekataa. Anasema hataki jina lako liburuzwe redioni, anasema una kazi ngumu huko na huna mtu."

"Marlys, lakini ule mguu..."

"Mguu gani? Mayai nayafuta mimi mlangoni! Sikukuu ya Shukrani mwaka huu usije kwetu."

Sasa ninachochanganyikiwa ni hiki. Nimeutazama ule mguu kwenye simu labda mara mia mbili, kila mapumziko, asubuhi uko nje, mchana uko ndani, nikiikuza picha unakuwa ukungu tu. Najiambia kama mguu ulikuwa ndani, basi Wendell alituua kweli, na mimi nilisema jambo baya juu ya mtu aliyekosea, si vibaya sana. Kama ulikuwa nje, basi nimemchafua mtu aliyeona sawasawa, naye ni mtu wangu. Kwa hiyo natazama ili nijue mimi ni yupi kati ya hao wawili, na sipati jibu. Kisha nakumbuka kwenye chumba cha chini ya nyumba yao Wendell amebandika utepe mweupe sakafuni, anajizoeza, mtu anakanyaga karibu na mstari yeye anataja ndani au nje. Mimi nimemkanyagia jioni nzima. Hakukosea hata mara moja. Mara moja tu alisema, "Hiyo sikuiona," na wala hakuona aibu.

Nikisema ukweli hapa kambini watanila mzima, bado nina kazi nao mpaka majira ya kuchipua, tunalala vyumba vya watu wanne. Nisiposema, Wendell atakaa kimya Ijumaa, namjua. Je, mguu ulikuwa ndani au nje? Na je, nifanye nini? Naomba usiandike jina langu.

Zamu yangu ya sasa, kabla ya mapumziko ya sikukuu, inaisha Jumanne ya tarehe 25 mchana. Naingia barabarani hapo hapo, na Jumatano ya tarehe 26, kabla ya giza, nitakuwa nimefika Kearney, kama si mlangoni kwa dada basi kwenye maegesho ya kituo cha mafuta kinachotazama nyumba yake.

Wako,
Shemeji Aliyeropoka

*

SHANGAZI VERNA ANAJIBU

Shemeji, umeniuliza maswali mawili. La kwanza nitalimaliza haraka. Mguu nimeutazama. Mume wangu ameutazama huku akiniwekea mkono begani eti nisiseme kitu. Sijui kama ulikuwa ndani au nje, yeye hajui, na mwamuzi mkuu mwenye kamera zote zile naye hakujua, ndiyo maana alisema "unabaki." Watu milioni kadhaa watakufa bila kujua, na watakufa vizuri tu. Futa hiyo picha kwenye simu yako leo. Si kwa ajili ya Wendell, ni kwa ajili ya macho yako, unafanya kazi chini ya kreni.

Hebu tuwekane sawa hapo unapojificha. Unasema mguu ukiwa ndani, kosa lako linakuwa dogo. Linakuwaje dogo? Chukua mguu uweke ndani futi nzima. Kofia ilitoka kwa nani? Uweke nje, katikati ya viti vya watazamaji. Kofia ilitoka kwa nani? Umekuwa ukiutazama mguu wa kijana mwingine mara mia mbili ili usiutazame mkono wako mwenyewe ukifunga zawadi. Mguu ni kazi ya ligi. Kofia ni yako.

Na tazama ulivyomfanyia mwenzako. Picha ya mguu haikuwa wazi, kwa hiyo watu wazima wakaitazama, wakakubali hawajui. Picha ya kofia iko wazi hadi nyuzi, umesema mwenyewe, na ndiyo iliyosema uongo, kwa sababu aliyekuwa pale kwanza, yaani wewe, alitoa nusu ya maelezo. Hakuna kamera inayoonyesha Krismasi ya mwaka juzi. Wendell akisema alipewa, watasema ametunga. Bila neno lako hana kitu.

Nakuonea huruma, usidhani sina. Miezi minne ya kuitwa jina la jimbo lako badala ya jina lako, kisha asubuhi moja gari zima linakupigia makofi, hata mimi ningelewa sifa. Lakini ulijinunulia siku tatu za kuwa mtu kwa kumtoa kafara mtu mwingine, na aliyetolewa ndiye pekee aliyekumbuka kwamba huko uliko huna mtu. Nilipofika hapo kwenye barua yako niliweka miwani chini.

Barua yako ilinifikia Jumamosi, leo ni Jumanne, Ijumaa iko mlangoni. Gazeti hili likifika ukumbini kwenu, Rusty atakutambua kabla hajamaliza kahawa. Kwa hiyo una muda wa kikombe kimoja. Simama useme mwenyewe: kofia nilimpa mimi. Watakuzomea. Yule mzee aliyemshusha Rusty mezani sidhani kama atakuzomea, kaa karibu naye. Kisha kesho asubuhi piga simu kile kile kipindi, saa ile ile, kwa simu yako, si ya Rusty. Mtangazaji atataka kukuvuta kwenye mguu. Usivutike. Sema kofia, sema Krismasi, sema utani, sema samahani, kata simu. Mchana andika hayo hayo kwenye karatasi, tia sahihi, itume ofisi ya waamuzi ifike kabla ya Ijumaa. Nakala moja mtumie Marlys bila maelezo mengine. Usimwombe akuruhusu kuja. Akikuruhusu, atasema yeye.

Jumatano ya tarehe 26 ukifika Kearney, usikae kwenye maegesho kama mwizi. Pita dukani, nunua ndoo na brashi. Yai likikaukia kwenye mlango wakati wa baridi halitoki kwa kitambaa, linataka maji ya uvuguvugu na mikono miwili. Anza kusugua kabla ya kubisha hodi. Wendell akitoka, usimwulize alichokiona kwenye ile kona. Akitaka atakuambia, na akikuambia "hiyo sikuiona," utasema sawa, utaendelea kusugua.

Umeniomba nisiandike jina lako. Sijaliandika, ndiyo kazi yangu. Wendell naye hajalitaja, na anaelekea kupoteza jezi yake kwa sababu hiyo. Amebaki mtu mmoja tu wa kulitamka.