Siku Yangu Ikifika, Usiguse Kadi

Mwanangu Raya,

Wiki iliyopita uliponiambia kwenye simu kwamba ile tiketi ya kuja kumzika baba yako mpaka leo unailipa, ulidhani simu imekatika. "Mama, upo?" Nilikuwepo, mwanangu. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda cha baba yako, nimeshika pindo la shuka nalikunja na kulikunjua. Hitima ya mwaka tushamsomea, na ya mwaka wa pili tushamsomea, na weye huko Uingereza bado unalipa! Ndiyo nikaona bora niandike, maana kwenye simu tukishaanza kulia hatusemi kitu, tunamaliza vocha tu.

Unaikumbuka siku ile? Weye unaikumbuka kwa upande wako, mie nikwambie upande wangu. Baba yako aliomba maji baada ya alfajiri. Nilipoyaleta alikuwa ameshaondoka. Ami yako Suleiman ndiye aliyekupigia simu. Mie wanawake walikuwa washaniweka chumbani, lakini sauti yako ilinifikia huko huko ndani. "Msubirini! Ami, msubirini, nakata tiketi sasa hivi!" Ami yako analia, masikini, namwona kwa upenyo wa mlango anajifuta kwa kofia. "Raya mwanangu, baba yako hasubirishwi. Tunampeleka kwao Chwaka, alasiri tunamzika." Sijui kama ulimsikia, au ulikuwa ushaanza kubonyeza hizo kadi zako za mkopo wa benki. Kadi ya kwanza haikutosha, ukatia na ya pili. Ya tatu ikawa ya teksi na chakula cha njiani na zile chokoleti. Ee Raya, hata msibani ulikuja na chokoleti za watoto wa jirani!

Watu walipotoka makaburini weye bado ulikuwa angani.

Uliingia kesho yake adhuhuri na koti lako zito mkononi, ukasimama mlangoni unatazama kitanda. Ukaja ukaniwekea kichwa mapajani kama ulipokuwa mdogo. Jioni yake ami yako akakupeleka Chwaka, ukasimama nje ya ukuta wa makaburi mpaka akakushika mkono kukurudisha garini. Mie nilikuwa edani, sikuweza kufuatana nawe. Nilichokifanya ni kukukung'utia viatu, vilijaa mchanga. Mchanga wa kwao baba yako, huo ndio uliouwahi.

Tena asubuhi moja unatafuta pasi yako ya kusafiria, ukamwaga mkoba kitandani, zikatoka kadi nne. Shangazi yako Bi Asha alikuwapo, kaja kutoka Mpendae kukaa nami.

Nikakuuliza, "Hizi zote zako?"

"Zangu mama. Za dharura."

"Dharura ngapi hizo, mwanangu?"

Shangazi yako akadakia, "Mwenzenu mie nna kadi moja tu, ya kliniki, na yenyewe imeliwa na mende." Ukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kukusikia ukicheka tangu ufike, basi nikaacha kuuliza. Sikujua, mpaka uliponieleza kwenye simu, kwamba hiyo ya nne uliichukua ili uzilipe zile tatu. Wala sikujua kwamba kila Ramadhani ukisema "kazi nyingi mama, mwakani nitakuja," kazi yenyewe ni hiyo ya kuzilisha kadi.

Sikulaumu, Raya. Nisikilize vizuri hapo, sikulaumu. Habari ya riba unaijua, ulisoma chuo cha Kurani kuliko mie, hiyo ni baina yako na Mola wako na Yeye ni mwingi wa rehema. Mie nimewaza jambo jengine. Huku nikipatwa na jambo nnagonga ukuta, jirani anaitika. Nikikosa unga nnamtuma mtoto dukani, mwenye duka ananijua mie na mama yangu. Weye huko unakaa na wazee wa watu unawaogesha na kuwalisha, unarudi chumbani peke yako, ukuta ukiugonga nani ataitika? Hizo kadi ndizo zilizokuwa majirani zako. Nimelifahamu hilo. Lakini jirani wa namna hiyo, mwanangu, anakuja mbio siku ya msiba, kisha haondoki.

Mie nami nilikuwa na vyangu vya dharura, na unavijua. Bangili zangu mbili za dhahabu. Ulikuwa darasa la pili uliposhikwa na tumbo, ukajikunja kama jongoo, daktari akasema kidole tumbo, upasuliwe leo leo. Baba yako alikuwa hana kitu. Nikajipaka sabuni mkono, nikaitoa bangili, nikaenda nayo kwa sonara pale Mkunazini, yule mzee wa Kihindi.

Akaniambia, "Bi Zena, usiuze. Weka rehani, utakuja kuikomboa."

Nikamwambia, "Mtoto yuko kitandani, sitaki kuumwa na roho mara mbili. Pima, nipe changu, niende."

Ulipopata fahamu, kitu cha mwanzo ulinitazama mkono. "Mama, bangili i wapi?" Nikakwambia, "Imo tumboni mwako." Ukaenda ukawatambia wenzako skuli kwamba weye una dhahabu tumboni, mpaka mwalimu akaniita kuniuliza! Baba yako alicheka siku nzima.

Lakini tazama, bangili ile ilitoka, ikamaliza kazi, ikanyamaza. Haikurudi hata siku moja mlangoni kuniuliza iko wapi haki yake. Na ya pili ilikuwa haipo nyumbani, ilikuwa kwa Bi Asha, kwenye kopo la mchele. Nikiitaka lazima nivae baibui, nende Mpendae, nikae, ninywe chai, nimueleze kisa. Mara ngapi nimekwenda na shida yangu, na kabla chai haijaisha tushapata njia nyengine! Ndiyo maana ipo mpaka leo.

Kwenye simu uliniuliza ubaki na kadi ngapi. Mie wa kuulizwa hayo, niliyeachia skuli darasa la tano? Lakini umeniuliza, nami ni mama, nitasema. Ukizimaliza, funga mbili. Ya tatu tembea nayo. Ya nne mpe yule rafiki yako Mariamu akuwekee, ili ukiitaka uende kwake, ukae, umueleze. Na kila ukipokea mshahara tia kidogo pahala, hata kiwe cha chai tu, kiwe chako, kisichokudai. Polepole. Huna haja ya kunitumia za sikukuu mwaka huu. Nna nguo, na ami yako ananiletea samaki.

Sasa nikufikishe kwenye lililonikosesha usingizi. Presha yangu unaijua. Baada ya simu yako nilimwambia Bi Asha, "Siku yangu ikifika, Raya asiambiwe mpaka nshazikwa." Akaweka kikombe chini. "Zena we! Mwanao mmoja wa kike, utamfanyia hivyo?" Nikamwambia nitamfanyia, kwa sababu namjua, atakimbilia kadi, na kwa kadi zote za Uingereza hatoniwahi. Bi Asha kaninunia mpaka leo. Ananijibu "naam" na "la" tu, kama karani.

Na haki anayo. Sitaki wawe wanakuficha. Nataka uambiwe saa ile ile, kabla hata hawajanifunga kidevu. Basi niahidi, Raya. Wakikupigia, iweke simu chini, katawadhe, niswalie hapo hapo ulipo. Dua yako itafika kabla ya ndege yoyote, na haina wa kuilipa. Tiketi usikate. Kadi usiguse. Niahidi hivyo, nami nitamwambia shangazi yako akupigie mwanzo kabla ya mtu mwengine yeyote.

Tiketi ikate ya kuja kuniona nazungumza. Ya bei ndogo, wakati wa masika watu wasiposafiri, hata kama ni mwakani, hata kama ni mwaka wa pili. Ukiwa umeilipa mpaka mwisho kabla hujaweka mguu ndegeni. Utanikuta. Nnakunywa dawa zangu kwa ajili hiyo.

Barua hii nimeiacha wazi. Wasome na wenzako wenye mama huku.

Bangili ya pili nshaitoa kwenye mchele. Bi Asha alinipa kwa hasira zake. Sikuiuza, wala sikutumii. Mkono wako umenenepa na baridi ya huko, nimeuona kwenye video, haitoingia hivi hivi. Njoo nikuvishe mwenyewe. Sabuni nshaweka.

Ni mie,
mama yako, nnayengoja jawabu lako nikamwambie shangazi yako