Ng'ombe wa Mjomba Charif

Hombo, Mutsamudu, 6 Machi 1983

Kaka Charif,
Assalamu alaikum. Huku wazima, ila lile unalolijua. Kovu la moto linazidi kumvuta Latoifa. Kidevu kimegota kifuani, hata uji anaunywa kwa mrija. Daktari wa kumpasua yuko huko Moroni, naye anaondoka mwezi wa sita. Sina cha kumsafirishia mtoto wala cha kumtibia. Sikuombi, nakuarifu tu.
Dada yako, Zalifa

Magoudjou, Moroni, 20 Machi

Dada Zalifa,
Waalaikum salaam. Mimi mzima, tumbo linanitangulia kila niendako. Tangu uolewe Nzwani umejifunza kuarifu bila kuomba! Mlete. Nimemuuza yule ng'ombe wangu wa Vouvouni. Najua, bila yeye hakuna ndoa kubwa, na bila ndoa kubwa hapa kwetu mtu ni kijana mpaka kaburini. Basi nitaendelea kuketi uwanjani na vijana, mwenye mvi peke yangu. Latoifa asijue.
Kaka yako, Charif

Moroni, 2 Juni

Dada,
Salamu nyingi. Nyuzi zimetolewa, shingo imenyooka. Tukitoka hospitali tulisimamishwa na Mzungu mmoja, katika wale askari wa kukodiwa wa rais. Sote tukatazama viatu vyetu, mimi wa kwanza. Latoifa, ambaye kwa miaka hakuona ila viatu vya watu, akamkazia macho mpaka Mzungu akageuka. Kisha akanigeukia: "Kumbe mjomba una mvi."
Kesho anapanda ndege. Nyumba imeanza kuwa kubwa. Kwao Bahia, mchumba wangu, wamenirudishia zawadi zangu, wamechoka kungoja.
Kaka yako

Hombo, 14 Agosti

Kaka,
Hujambo? Hii barua ya pili hujajibu. Latoifa anaanika nguo kwenye kamba ya juu, kwa makusudi, majirani wamwone. Kila siku ananiuliza harusi ya mjomba lini, na ng'ombe amenenepa? Nimjibu nini?
Dada yako

Moroni, 9 Novemba

Dada,
Mimi sijambo, ni uvivu tu. Juzi Bahia aliolewa, ndoa kubwa hasa. Nilikuwepo: sisi vijana ndio wabeba sinia za wali. Sikumwaga hata punje.
Mwambie Latoifa ng'ombe hajambo. Anakula vizuri. Anamuulizia.
Kaka yako, Charif