Mkono wa Pole Ghorofani

Mbaraka wangu,

Walikurudisha Dar kwa ndege, ukazikwa karibu na mama yako. Mimi nimebaki huku Guangzhou. Hitma tulikusomea kwenye stoo ya mtaa wa Guangyuan Xilu, kati ya marobota ya jinzi. Watu walijipanga kumpa binamu yako mkono wa pole, nami nikagawa kahawa. "Mwalimu, ongeza hapa," waliniambia, "na tangawizi usiibanie." Hakuna aliyenipa mkono. Kwao nilikuwa mtu uliyechangia naye kodi ya chumba tu.

Unajua mkono ule kazi yake: ndio unaompa mfiwa ruhusa ya kulia. Mimi sikupewa, basi sikulia. Nikasema niende kwenye ile baa yetu, pale angalau wanajua.

Haipo, Mbaraka. Pale sasa wanauza vifuniko vya simu. Nilimuuliza mama muuzaji, akapunga mkono: "Mei you, mei you." Hakuna. Nakueleza kana kwamba hujui, na wewe ndiye uliyenifundisha: baa zetu hazina bango. Zinahama, zinabadili jina, na mlango mpya huambiwa na mtu. Mtu wangu ulikuwa wewe.

Nikazunguka jioni nyingi bure. Mwishowe, mchana, nikamwona Dieudo pale soko la Zhanxi, yule Mkongo wa Lubumbashi tuliyekuwa tukicheka anavyocheza rumba. Alikuwa anabishania bei ya viatu. Unaikumbuka sheria yetu: tunaoonana baa, sokoni hatujuani. Niliivunja. Nikamsalimia.

Akashtuka. "Papa, hapa hapana!" Kisha, akijifanya anapekua maboksi, akanielekeza jengo na ghorofa. "Ukuye mangaribi, mapema. Na usivae kanzu, Papa, batazani umekuja kutufukuza."

Nikaenda nimevaa shati lako la bluu. Mlango hauna bango, nikagonga. Ndani Dieudo aliniona, akatazama nyuma yangu. "Na ule murefu yako, iko wapi?"

"Amekufa."

Aliweka glasi chini, akasimama, akanishika kwa mikono miwili. "Pole, Papa. Pole sana." Akamwambia mwenye baa kwa Kichina, muziki ukapunguzwa. Wakaja wote, mmoja mmoja, hata vijana wa Kichina wasioijua desturi hii. Walimtazama aliyetangulia, wakafanya kama yeye. Mbaraka, nililia. Nililia mpaka nikaona haya, halafu haya nayo ikaisha.

Kesho yake Dieudo alinipita Zhanxi bila kunitazama. Nami sikumtazama. Iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Lala salama, mpenzi wangu. Mwenyezi Mungu akupe nafasi peponi. Kule ghorofani nitarudi, na atakayeniuliza ulikuwa nani kwangu, nitamjibu waziwazi: mume wangu. Kule stoo, mbele ya watu wetu, bado siwezi kulisema. Nivumilie.

Wako,
Salum