Mafua Yako na Ugonjwa wa Bosi

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, 9 Juni

Shangazi mpendwa,

Kila nikishika kalamu ninaisikia kwanza chafya yako, ile ya mezani, iliyotikisa vijiko na kumfanya Bosi, mtoto wa dada, apige kelele, "Bibi kalipua bomu!" Tulicheka mpaka shemeji akapaliwa na chai. Sijaisahau sauti ile, na najua nawe hujaisahau.

U hali gani? Goti linakubali ngazi sasa? Na yule jirani mwenye redio, bado anaufungulia mtaa mzima? Sisi huku tu wazima, ukimwondoa huyo mmoja.

Bosi yuko kwenye mzunguko wa tatu wa dawa za saratani ya damu. Nywele zimekwisha. Anaitawala wodi kama alivyoitawala nyumba: muuguzi hachomi sindano kabla ya kuomba ruhusa kwa adabu. Chembe za ugonjwa zimepungua, na daktari anasema mwili unaitikia dawa. Zaidi ya hapo hasemi, nami simlazimishi.

Sasa lile lililokufanya uache kupiga simu. Nilikuwepo dada aliposema mafua uliyokuja nayo ulipotutembelea ndiyo yaliyomharibia mtoto damu. Shemeji alimwambia, "Taratibu, mama Bosi," lakini neno lilikuwa limeshatoka, na likakufikia. Nilikwenda kusoma.

Nilichokikuta hakikunyooka kama nilivyotaka. Saratani hii haiambukizwi, hilo liko wazi. Watafiti wanaona baadhi ya watoto huzaliwa na kasoro ndogo kwenye chembe za damu, na wengi wao hawaugui kamwe. Kwa wachache huja hitilafu ya pili, na wapo wanaodhani maambukizi ya kawaida, pengine ya virusi, huweza kuichochea. Kirusi gani, hakuna aliyethibitisha. Wengine wanaona hata kinyume chake: watoto waliochanganyika na wenzao na kuumwaumwa mafua wakiwa wachanga huelekea kuepukana nayo.

Dada hakutaka kuyasikia kutoka kwangu. "Profesa, baki na vitabu vyako." Basi nikamwomba twende kwa daktari, amuulize mwenyewe.

"Ni yale mafua?"

"Mtoto anapata mafua mara ngapi kwa mwaka, mama? Na homa ile iliyomshika baadaye ikagoma kushuka, huenda ilikuwa ugonjwa wenyewe, umeshaanza."

"Kwa hiyo siyo?"

"Siwezi kuapa. Lakini hapa hakuna mtu wa kunyooshewa kidole."

Dada alitangulia mpaka kwenye lifti. Hapo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, macho kwenye vitufe, "Mimi nilitaka awepo mtu."

Sitakudanganya kwamba nina hakika. Lakini "huenda" ya watafiti siyo hukumu, na Bosi ananiuliza kila siku kama umemnunia. Nimechoka kumwambia simu yako imeharibika.

Baba anakusalimu; anauliza dada yake ameteuliwa lini kuwa waziri, hata hapatikani. Msalimie mumeo fundi cherehani na binamu zangu wote wawili.

Tiketi yako ya basi la wiki ijayo nimeshaikata, imo humu ndani ya bahasha. Ukiamka na mafua, ahirisha, kwa sababu dawa zimemwondolea mtoto kinga. Hiyo ni tahadhari tu. Hata mimi nikikohoa siingii wodini. Dada nilimwambia jana tukiosha vyombo. Alisugua sufuria moja kwa muda mrefu, kisha akasema wewe utalala naye chumbani, shemeji ahamie sebuleni.

Mungu akufikishe salama.

Mwanao akupendaye bila kusitasita,
Profesa